Chupa ya Mwana: Tuigeuze Kwanza, Tuisome Kitako

Juma lililopita tulikaribishwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, ambako mama wa mtoto mchanga alikuwa akijitayarisha kurudi kazini. Likizo yake ya uzazi ya miezi mitatu ilikuwa inakatika, na mtoto angebaki mchana kutwa na nyanyake. Kikapu cha zawadi zilizoletwa siku ya arobaini kilikuwa bado hakijaguswa. Nyanya alikiinamisha, akamimina vilivyomo juu ya mkeka. Kando ya leso, sabuni na poda kulikuwa na chupa sita za kunyonyea, vikombe viwili vya plastiki vyenye mdomo wa kufyonza, na sahani ya melamini iliyochorwa samaki.

“Mimi nimelea wanangu wote kwa titi na kijiko,” akasema. “Sasa nambieni, katika hizi nitumie ipi?”

Mama wa mtoto akachagua ile iliyoandikwa kwamba haina BPA. Shangazi akachagua ya kioo. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema tuchukue iliyo ghali zaidi, kwani ghali haidanganyi. Hakuna aliyeweza kumweleza bibi huyo sababu ya kuchagua hii na kuacha ile, na sisi tuliokuwapo, ambao tunajidai kuwaandikia wenzetu kila Ijumaa, tulikuwa miongoni mwa walionyamaza. Makala haya ni jawabu letu kwake, limechelewa kwa siku saba.

Tuanze na hizo herufi tatu, kwa kuwa zimeandikwa kwenye vifungashio vingi na wachache wanajua maana yake. BPA ni ufupisho wa bisfenoli A. Kemikali hii ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1891 na mwanakemia Mrusi, Aleksandr Dianin. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa tiba wa London, Edward Charles Dodds, alikuwa akitafuta kitu cha maabara kitakachofanya kazi ya estrojeni, yaani homoni ya kike. Akaijaribu bisfenoli A, akaona kweli inafanya kazi hiyo, ila kwa udhaifu. Akaiweka kando, na mwaka 1938 akatangaza nyingine yenye nguvu zaidi, diethilistilbestroli. Dawa hiyo walipewa wanawake wajawazito kwa miaka mingi, hadi mwaka 1971 serikali ya Marekani ilipoonya isitumiwe tena katika ujauzito, baada ya kubainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na mama hao walipatwa na saratani adimu ya uke.

Bisfenoli A ikasahauliwa kama dawa, lakini haikupotea. Katika miaka ya 1950 wenye viwanda waligundua kwamba ikiunganishwa kwa namna fulani huzaa plastiki ngumu, nyepesi, inayong’aa kama kioo na isiyovunjika ikianguka. Plastiki hiyo ni polikaboneti. Mama gani asingeipenda? Ndiyo iliyokuja kutengenezewa chupa za watoto, na jamaa yake, gundi ya epoksi, ikapakwa ndani ya makopo ya vyakula ili bati lisishike kutu.

Kasoro yake ni kwamba muungano wake haukazi milele. Joto huulegeza. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walitia maji yanayochemka katika chupa za polikaboneti na kuona kwamba bisfenoli A ilitoka kwa kasi kubwa kati ya mara 15 na mara 55 kuliko kabla ya maji hayo kutiwa. Tukumbuke kwamba chupa ya mtoto ndicho chombo kinachochemshwa kuliko vyote nyumbani. Inachemshwa ili isafike, na kusafika huko ndiko kunakofungulia kemikali mlango.

Na kwa nini mtoto mchanga aogopewe zaidi ya mtu mzima? Kwa kuwa yeye, kwa kila kilo ya uzito wake, hula na kunywa zaidi yetu sana. Ini lake bado halijakomaa kutoa sumu. Na viungo vyake vingali vinajengwa kwa amri ya homoni. Kitu kinachoiga sauti ya homoni kikiingia wakati huo ni kama mtu wa nje aliyeingia katika mkutano wa wajenzi na kuanza kutoa amri zake mwenyewe.

Mataifa yalichukua hatua, moja baada ya jingine. Kanada ilitangaza mwaka 2008 kwamba itazipiga marufuku chupa za watoto zenye kemikali hii. Ufaransa ilifuata mwaka 2010, Umoja wa Ulaya mzima mwaka 2011, na Marekani ikaondoa ruhusa yake mwezi Julai 2012. Barani mwetu, Afrika Kusini ilipitisha marufuku yake mwaka 2011. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikishusha kiwango ambacho mwili unaweza kukivumilia kwa siku kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini ya kile cha awali. Mwishoni mwa mwaka 2024 Umoja huo ukapitisha sheria ya kuiondoa kemikali hii katika vyombo vya chakula kwa jumla.

Hatungekuwa waaminifu tukinyamaza kwamba wataalamu hawakuafikiana. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula, BfR, ilikipinga kipimo cha EFSA na kupendekeza kiwango kikubwa zaidi mara 1,000. Nayo idara ya Marekani ilieleza kwamba iliondoa ruhusa kwa kuwa viwanda vilikwisha kuacha kuitumia kwenye chupa, si kwa kuwa imethibitisha madhara. Sisi si maabara, na hatuwezi kuamua kati yao. Lakini katika jambo lenye shaka, ilhali mbadala upo sokoni na bei haipishani sana, mzazi hana haja ya kungoja mabingwa wamalize mjadala wao.

Tukaenda basi sokoni, kina mama wanne, kila mmoja na mkoba wake, katika maduka ya vitu vya watoto mjini. Tulifanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tuliponunua chupa za wanetu: tulizigeuza chini juu na kuzisoma kitako. Wenye maduka walitutazama kwa mashaka mwanzoni. Mmoja alituuliza kama tumetumwa na serikali.

Chini ya chombo cha plastiki kilichotengenezwa kwa utaratibu huwa kuna pembetatu ya mishale mitatu, na ndani yake nambari kuanzia 1 hadi 7. Nambari 5 ni polipropilini, plastiki nyeupe ya maziwa au yenye ukungu kidogo, isiyong’aa kama kioo. Ndiyo inayotumika sana kwa chupa za watoto leo, na haitengenezwi kwa bisfenoli A. Nambari 2 na 4 nazo hazina kemikali hiyo, ingawa hazifai kwa vitu vya moto. Nambari 3 ni PVC, ambayo hulainishwa kwa kemikali ziitwazo ftaleti, nazo pia zinatuhumiwa kuvuruga homoni. Hiyo iepukwe katika chombo cha mtoto. Nambari 6 ni polistirini, ile ya vikombe na visahani vya kutupwa. Isitiwe uji wa moto. Nambari 7 maana yake ni “nyinginezo”, na polikaboneti imo humo. Si kila 7 ni mbaya, lakini chupa ngumu, inayong’aa kama kioo, yenye 7 au isiyo na nambari yoyote, na isiyotaja popote kwamba haina BPA, sisi tuliirudisha rafuni.

Na hizo zisizo na nambari yoyote zilikuwapo, tena si haba. Hazikuwa na jina la kiwanda, wala anwani, wala alama ya KEBS. Zilikuwa na picha ya dubu tu. Bei yake ilivutia. Tukimwonea huruma mama mwenye kipato kidogo ni haki, lakini tumwambie pia kwamba hapo analipia picha ya dubu. Alama ya ubora ya KEBS ina nambari ya kibali, na nambari hiyo huweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe wa simu kwa 20023. Tulipojaribu kufanya hivyo mbele ya muuzaji mmoja, alituambia kwa upole kwamba ana chupa nyingine nzuri zaidi ndani, na akaenda kuzileta.

Maandishi yasemayo kwamba chupa haina BPA yana faida, ila yasifanywe hirizi. Viwanda vingi vilipoiacha bisfenoli A vilichukua nduguze, bisfenoli S na bisfenoli F, ambazo maumbile yake yanakaribiana na yake, na uchunguzi uliofanywa tangu hapo umeonyesha kwamba nazo huweza kuigusa mifumo ya homoni. Chupa inaweza kuwa haina BPA kwa herufi na ikawa nayo kwa ukoo. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni kwamba chupa imetengenezwa kwa nini. Kujua haina nini hakutoshi. Ikiwa ni polipropilini, kioo, chuma kisichoshika kutu au silikoni, tumefika.

Kuna chupa nyingine isiyotoka dukani, nayo ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi: ya urithi. Dada amemaliza kuitumia, ameihifadhi kabatini, anampa mdogo wake. Ni mapenzi, na ni kuepuka israfu. Lakini chupa iliyochubuka kwa brashi, iliyopauka, au iliyopata mistari midogo ndani, hutoa zaidi vilivyomo katika plastiki yake, na mistari hiyo huficha vijidudu. Ikiwa ni ya zamani sana na inang’aa kama kioo, huenda ni ya polikaboneti, kwa sababu wakati huo marufuku hazikuwapo. Urithini kitanda cha mtoto, nguo na chandarua. Chupa ya plastiki ifanyeni ya kuwekea vifungo.

Sasa tunafikia sehemu iliyotusumbua sisi wenyewe, kwa sababu shauri mbili za kweli zinagongana.

Shauri la kwanza linatoka Dublin. Mwezi Oktoba 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity walichapisha matokeo ya kupima chupa za polipropilini, hiyo hiyo nambari 5 tuliyoisifu. Hazikutoa bisfenoli A. Zilitoa chembe ndogo mno za plastiki, na idadi yake katika baadhi ya chupa ilifika milioni 16.2 kwa lita moja. Joto lilipozidi, chembe zilizidi. Na chupa ilipotikiswa, ziliongezeka. Chembe hizo zinamfanya nini mtoto bado linachunguzwa, na hatutaki kumtia mtu hofu kwa jambo ambalo halijajulikana. Lakini hakuna mama atakayesikia habari hizo kisha amimine maji ya moto ndani ya plastiki bila mkono wake kusita.

Shauri la pili ni la Shirika la Afya Duniani. Maziwa ya unga ya kopo, hata likiwa limefunguliwa sasa hivi, si kitu kilichotakaswa na vijidudu. Huweza kuwa na salmonela, au kidudu kingine kiitwacho Kronobakta, ambacho ni nadra lakini kikimpata mtoto mchanga ni balaa. Kwa hiyo shirika hilo linaagiza unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua joto la nyuzi 70, yaani maji yaliyochemka na hayajakaa zaidi ya nusu saa. Mama anayetumia maji ya vuguvugu ili kuiokoa chupa na joto anamhatarisha mtoto kwa vijidudu, na kuhara katika mji wetu kumeua watoto wengi mno kuliko chupa yoyote. Tukilazimishwa kuchagua, vijidudu ndio adui wa leo na kemikali ni adui wa kesho.

Ila hatulazimiki. Watafiti wa Dublin wenyewe walitoa njia, na ni nyepesi kiasi kwamba tuliona haya kwa kutoifikiria. Maji yachemshwe katika birika la chuma, si la plastiki. Unga ukorogwe kwa maji hayo ya moto ndani ya jagi la kioo au kikombe kikubwa cha chuma kisichoshika kutu kilichochemshwa. Jagi lifunikwe, likalishwe ndani ya bakuli la maji baridi mpaka maziwa yapoe na kuwa na joto la mwili. Hapo tu ndipo yamiminwe katika chupa ya mtoto. Chupa yenyewe ikishachemshwa isuuzwe mara tatu kwa maji safi yaliyokwisha chemshwa na kupozwa katika chombo kisicho cha plastiki. Isitikiswe kwa nguvu, na isiingizwe katika maikrowevu kamwe. Maziwa yaliyobaki baada ya muda wa saa 2 yamwagwe, hata kama roho inauma.

Mwenye uwezo wa kununua chupa ya kioo anaokoa hatua nyingi hapo. Kioo hakitoi kitu kwa joto, na hakichubuki kwa brashi. Kinavunjika, ni kweli, na sakafu zetu za saruji hazina huruma. Kuna zenye kuvikwa mfuko wa silikoni kwa nje. Aepuke tu zile zilizopakwa michoro ya rangi, maana rangi za aina hiyo huweza kuwa na risasi au kadmiamu, na mikono ya mtoto huishia mdomoni.

Kuhusu chuchu ya chupa tutasema machache. Za rangi ya kahawia hufanywa kwa mpira wa lateksi. Nyeupe zinazopitisha nuru hufanywa kwa silikoni. Mpira huweza kuacha kemikali ziitwazo nitrosamini, na Ulaya iliziwekea kipimo katika chuchu za watoto tangu mwaka 1993. Silikoni ndiyo tunayoipendelea. Ikinata, ikivimba, ikipasuka au ikibadilika rangi, itupwe siku hiyo hiyo.

Tumrudie yule samaki wa melamini. Sahani na bakuli za melamini zimeenea katika nyumba za pwani kwa uzuri wake na kwa kuwa hazivunjiki kirahisi, na kwa chakula kilichopoa hazina neno. Lakini uji unaotokota, mchuzi wa moto wenye ndimu au ukwaju, na maikrowevu, hivyo huifanya melamini iachie kemikali yake. Ni kemikali ile ile iliyotiwa kwa hila katika maziwa ya watoto nchini China na kufichuliwa mwaka 2008, watoto wapatao 300,000 wakaugua na sita wakafa kwa maradhi ya figo. Kiasi kinachotoka katika sahani hakilingani hata kidogo na kile cha wale wadanganyifu, na tunalisema hili ili mtu asivunje kabati lake usiku. Sahani yenye samaki ibaki ya mkate, tende na ndizi.

Na tusiinyoshee plastiki kidole peke yake, kwani mazungumzo yetu na kina mama yalitufikisha jikoni. Sufuria nyingi za bei nafuu zinazofuliwa kwa alumini ya mabaki, yaani vipande vya injini na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, zimekutwa katika nchi kadhaa za Afrika zikiachia risasi ndani ya chakula. Risasi haina kiwango kisicho na madhara kwa ubongo wa mtoto; hapo wataalamu hawana tofauti. Uji wa mtoto wa kwanza, ule wa baada ya miezi sita, una haki ya kuwa na kisufuria chake cha chuma kisichoshika kutu, hata kikiwa kidogo kama kiganja. Na madhali tumeitaja risasi: wanja wa mtoto. Tunajua tunagusa ada ya wazee, lakini aina nyingi za wanja zinazouzwa hutokana na jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi hasa. Mtoto hujipangusa macho, kisha hunyonya kidole. Suala hili lina makala yake, na tutaliandika inshallah.

Swali la nyanya wa Mji wa Kale, hata hivyo, lilikuwa na jawabu ndani yake tangu mwanzo. Alisema alilea kwa titi na kijiko.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, na aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Sisi Waislamu miaka miwili hiyo hatukuisikia kwa shirika; imetajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Aya hiyo husomwa sana kwa kina mama na kusahauliwa kwa kina baba. Anayeirejea ataona kwamba inambebesha baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha kwa wema, inakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na inataka uamuzi wa kumwachisha uwe kwa kuridhiana na kushauriana kwa wawili hao. Basi baba aliyesimama mlangoni hana ruhusa ya kubaki mlangoni. Kama mkewe anarudi kazini na maziwa yake yatakamuliwa, friji, kikombe na nauli ya kupelekewa mtoto saa ya mapumziko ni hesabu yake.

Maziwa yaliyokamuliwa hayahitaji chupa hata moja. Wauguzi wetu wa kliniki hufundisha kikombe kidogo kilicho wazi, na mtoto mchanga, hata aliyezaliwa kabla ya siku zake, hujifunza kuyalamba kama paka. Apakatwe akiwa ameinuka, ukingo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, na maziwa yafike ukingoni bila kumiminwa; mwenyewe atayafuata. Kikombe cha chuma huoshwa hadi ndani kwa dakika moja. Hakina chuchu, hakina kona, hakina nambari ya kusoma kitakoni. Tuliuliza bei yake sokoni: ni chini ya chupa ya dubu.

Maziwa hayo yakamuliwe kwa mikono safi, yawekwe katika chombo cha kioo au cha chuma chenye kifuniko. Nje ya friji, kwa joto letu hili, yasizidi muda wa saa 4. Katika friji isiyozimika hukaa hadi siku 4, lakini pwani umeme una mambo yake, na sisi tungeyatumia siku ile ile au ya pili. Yapashwe moto kwa kukalishwa katika bakuli la maji ya vuguvugu, wala yasichemshwe.

Mama aliye kazini ajue pia kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Wengi wetu tumekamulia vyooni, kwa aibu na kwa haraka, kwa sababu hatukujua kwamba tuna haki ya kudai chumba. Na ajue kwamba Sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama inakataza kutangaza na kugawa kwa hila maziwa ya kopo, chupa na chuchu. Akiletewa kopo la bure wodini na mtu mwenye tabasamu, huyo si mfadhili. Anavunja sheria ya nchi.

Wapo ambao hawawezi kunyonyesha. Wapo waliofiwa na mama, na wapo watoto ambao mama zao wako Riyadh au Muscat wakitafuta riziki, nao wamelazwa na nyanya zao Kisauni na Likoni. Hatukuandika haya kuwaongezea uzito. Kwao kopo ni lazima, na jagi la kioo, kikombe cha chuma na maji ya nyuzi 70 ndivyo vitakavyowafaa zaidi. Na mama ambaye mwanawe mkubwa alilelewa kwa chupa inayong’aa asikae akijilaumu: bisfenoli A haikai mwilini kwa miaka, hutoka kwa mkojo katika muda wa siku moja au mbili. La kufanya ni kuikata inapoingilia.

Tulirudi Mji wa Kale juzi, baada ya swala ya alasiri. Chupa mbili za nambari 5 zilikuwa zimebakishwa kwa dharura, nyingine zimetolewa. Nyanya alikuwa amekaa barazani, mtoto mapajani, leso imetandazwa chini ya kidevu chake, na mkononi ana kikombe kidogo cha chuma ambacho zamani kilikuwa cha kupimia samli. Alikuwa amekichemsha, akatuhakikishia, mara mbili. Mtoto alikuwa amelowa hadi kifuani na nusu ya maziwa ilikuwa imeishia kwenye leso. “Jana,” akasema bila kuinua macho, “alimwaga yote.”